Pepo Aliyekaa Ndani ya Tenga

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado na milango ya kugongwa na majirani wa kuigonga, aliishi fundi mmoja aitwaye Nungunungu. Wewe huko nyuma, usianze kucheka. Bado.

Nungunungu alijenga mtambo wa kuteka maji kwenye kisima cha kijiji. Gogo refu lilikaa juu ya mti wenye panda. Mwisho mmoja wa gogo alifunga jiwe zito, mwisho wa pili kamba na ndoo. Ukivuta kamba, ndoo inashuka kisimani. Ukiilegeza, jiwe linashuka lenyewe na ndoo inapanda imejaa.

Hakudai malipo. Alisema, "Tekeni maji, ni yetu sote. Na anayetaka kujua mtambo ulivyoundwa aje autazame, akajenge wake." Ukiharibika, au akikuta kamba imetumbukia kisimani, aliutengeneza jioni akitoka shambani, kwa kujitolea tu.

Mnadhani walimshukuru? Thubutu!

Kila asubuhi, Nungunungu hajamaliza uji, mlango unalia du! du! du! Hodi hakuna, salamu hakuna.

"Mtambo wako mbovu!" Huyo ni Tembo.

"Mbovu vipi, Mzee Tembo?"

"Mbovu tu! Fundi gani wewe?"

Anakuja Nyati, pembe zimegusa dari. "Haufanyi kazi! Umetujengea takataka!"

Anakuja Fisi. "Wenzangu wameshasema yote! Na mimi nasema hivyo hivyo!"

Nungunungu anaacha uji, anakwenda kisimani, anasimama upande wa nyumbani kwake, anavuta kamba. Kwiii, ndoo inashuka. Kwiii, inapanda.

"Mbona mimi nikivuta inapanda?" anasema, kisha anarudi kufunga mlango. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake kila siku, na mimi nasema wazi kwamba hapo naye alikosea.

Siku moja jirani yake Nguchiro, mdogo kama kiganja cha Tembo, alimkuta anakunja mkeka.

"Safari ya wapi, Fundi?"

"Kwa kaka yangu, ng'ambo ya mlima. Nimechoka kutukanwa bure. Mtambo ukivunjika, watajua wenyewe."

Nguchiro aliukalia ule mkeka. Kilikuwa kiangazi. Mtambo ukifa, maji ni ya mtoni, mwendo wa nusu siku, na yeye ana watoto wanne na miguu mifupi. Aliogopa kwelikweli.

"Nipe siku moja tu, jirani," alisihi. "Moja. Na uingie ndani ya hili tenga la mahindi, utazame, usiseme neno."

"Ndani ya tenga? Mimi?"

"Ingia, bwana!"

Mchana Nguchiro alijipaka majivu usoni, akajifunga njuga miguuni, akapanda juu ya tenga lililofunikwa kando ya kisima. Chaka! chaka! chaka! Wanyama wakaja mbio.

"Fundi hayupo!" alitangaza. "Mtambo umepandwa na pepo, na pepo yumo humu ndani!"

"Mbona ana miba?" aliuliza Fisi, maana miba ilikuwa imetokeza kwenye matundu ya tenga.

"Ulishaona pepo asiye na miba?"

Fisi alifikiri, akakubali hajawahi.

"Pepo huyu hapendi kelele," Nguchiro aliendelea. "Ukipiga kelele, anahamia tumboni mwako. Anataka mambo matatu. Ulifanya nini, hatua kwa hatua? Ulitaka nini kitokee? Kikatokea nini? Na uyafanye tena hapa hapa, tuone. Ukificha kitu, shauri yako."

Tembo alitangulia, masikio yamelala. "Mimi nilikuja..." alinong'ona.

"Ukafanya nini?"

"Nikaliegemea gogo."

"Kwa ajili ya kuteka maji?"

"Kwa ajili ya... kujikuna."

"Wapi, Mzee wangu?"

"Lazima niseme?"

"Pepo anasikia!"

"Matakoni," alisema Tembo. Akageuka, akajikuna kama alivyoeleza, na gogo likalia krrraa! Kijiji kizima kikaangua kicheko. Tenga likatetemeka kwa hasira, na Nguchiro akalipiga teke. "Pepo, tulia! Mzee amesema kweli, asitukanwe. Mzee Tembo, tutakutafutia mti wa kujikunia. Anayefuata!"

Fisi akasogea. "Mimi sijawahi kuteka hata mara moja. Niliona watu wanalalamika, nikasema nisiachwe nyuma."

"Ahsante. Kaa chini."

Akabaki Nyati. Alizoea kuongea hadi vumbi liruke, na sasa sauti yake ilitoka kama ya mgonjwa. "Nilikuja alasiri. Nilitaka ndoo ipande. Haikupanda."

"Ulisimama wapi?"

"Upande wa machweo. Alasiri ndiko kwenye kivuli."

"Mbona mimi nikivuta inapanda?" lilisema tenga.

"Nyamaza wewe pepo!" Nguchiro aliligonga. "Hatujakuuliza. Bwana Nyati, simama kule kule. Vuta kama ulivyovuta."

Nyati alisimama upande wa machweo, akavuta taratibu, bila nguvu za kupita kiasi. Kamba ikaserereka ikielekea kwake, ikachomoka kwenye mkato uliochongwa mwishoni mwa gogo kuishika, na fyuuu! Ndoo na kamba, vyote chubwi!

Nyati akawa karibu kulia. "Mnaona? Nilisema. Wiki nzima wanangu wanalala na kiu, na fundi ananifungia mlango."

Hapo tenga likaruka juu. "Kumbe!" likapiga kelele. "Mkato nimechonga upande mmoja! Upande wangu mimi! Kumbe wewe ulikuwa unasema kweli!" Likakimbia kuelekea kisimani na miguu miwili chini, likamgonga Tembo, likapasuka, na Nungunungu akatoka na maganda ya mahindi kwenye kila mwiba.

"Pepo gani huyu?" alisema Tembo. Kisha akaelewa. "Nguchiro! Nimeeleza mambo ya matako yangu mbele ya wakwe zangu, na pepo hakuna?"

"Hakuna, Mzee. Shikamoo," alisema Nguchiro, ameshapanda juu ya mti wa panda.

Nyati akainamisha pembe. Angeupiga ule mti, na Nguchiro angepatikana chini kama chapati. Lakini Nungunungu alisimama katikati.

"Bwana Nyati, nisamehe," alisema. "Nilikuona mkorofi, sikutaka kukusikiliza. Ungenieleza siku ile habari ya upande..."

"Ungeniuliza," alijibu Nyati.

"Ningekuuliza," alikubali Nungunungu. Akaiopoa kamba, akachonga mkato wa pili, akaifunga upya. Nyati akasimama kwenye kivuli, akavuta. Kwiii. Akailegeza. Ndoo ikapanda imejaa hadi inamwagika, na Nyati akanywa yote, akavuta nyingine akawapelekea wanawe bila kumwangalia mtu.

Mkeka ukakunjuliwa. Asubuhi ya pili, Nungunungu akiwa anakunywa uji, mlango ukagongwa taratibu.

"Hodi. Umeamkaje, Fundi?" Ilikuwa sauti ya Tembo. "Nilitaka kuteka, nikavuta mara tatu, gogo likalia. Na leo sijajikuna, naapa."

Nungunungu aliweka bakuli chini. "Twende, Mzee," alisema. "Ulisimama upande gani? Na mimi nikasimame hapo hapo."

Hadithi imekomea hapo, na ya kushika ni hii: mwenye shida aeleze, fundi asikilize, maana kelele hazijawahi kukaza kamba.