Mlio wa Arobaini

Mtu mmoja alikuwa na nyundo ndogo, na kazi yake ilikuwa kusikiliza. Aliitwa Faki, fundi katika meli ya jeshi la majini, meli ya kubeba askari. Meli yenyewe ilipewa jina la Amana. Lishikeni jina hilo, maana hamkuja hapa kusinzia.

Kabla ya kila safari Faki alishuka chini kabisa, kwenye ngama, pale maji machafu yanapojikusanya juu ya mabamba ya chuma. Mabamba yalikuwa arobaini. Aligonga kila moja mara moja. Chuma kizima huitika kama kengele. Kilichooza huitika kama papai bivu. Nahodha alisimama juu akihesabu milio. Ikitimia arobaini alisema, "Shwari," na kamba zikafunguliwa. Yeye mwenyewe hakuwahi kushuka.

Amana ilitumika sana. Ilipeleka askari vitani, ikarudisha majeruhi. Mwaka wa njaa ilibeba mahindi. Haikuchelewa hata siku moja, na watu waliisifu mpaka midomo ikachoka.

Asubuhi moja, askari mia nne wakisubiri gatini, nyundo ya Faki ilizama kwenye bamba la kumi na saba. Ilizama, nasema! Maji yakaruka, membamba kama uzi. Akakoroga saruji, akaziba, akapanda juu kumweleza nahodha kwamba ametia kiraka, lakini ni cha muda tu. Nahodha akatazama saa, akaahidi kwamba wakirudi wataipandisha meli chelezoni, nchi kavu, itengenezwe.

Walirudi salama. Wakapongezwa, wakapewa safari nyingine. Haya, nani atasimamisha meli inayosifiwa? Nahodha akasahau, na ule muda ukawa miaka tisa. Faki aliogopa kuligonga tena bamba la kumi na saba, asije akalisikia. Basi aligonga la kumi na sita mara mbili. Huko juu hesabu ikatimia.

Lo, miaka ile! Mara nyingi alikwenda mpaka mlangoni kwa nahodha, akarudi. Aliogopa bahari, lakini aliogopa zaidi kuulizwa kwa nini hakusema jana. Na kila siku aliyonyamaza iliongeza jana nyingine.

Kisha mafuriko yakaumeza mji wao wa pwani, na Amana ikaamriwa kuwahamisha watu. Walipanda mchana, na mikeka yao, na masufuria, na kuku wamefungwa miguu. Nje ya bandari bahari ilikuwa imechafuka. Faki akiwa njiani kushuka, alimwona Raya, binti yake, mtoto mgongoni, akitandika mkeka wake mle chini, juu kidogo tu ya lile bamba.

Alishuka. Aligonga mpaka la kumi na sita, na mkono ukakataa. Nahodha juu akangoja. Faki akaiacha nyundo majini, akapanda, akamwinamia binti yake na kumnong'oneza ashuke melini sasa hivi, asiulize kitu. Raya alimtazama babake usoni. Hakuwahi kumwona na uso ule. Akasimama, na kwa sauti iliyosikiwa na wote akasema:

"Na hawa je, baba?"

Watu wakamtazama Faki, wakaelewa. Mama mmoja akamwinua mwanawe, mwingine akaacha mkeka wake ulipo, kisha wote wakakimbilia gatini. Walihamishwa kwa meli nyingine. Amana ilipandishwa chelezoni, na saruji ikaanguka yenyewe kabla fundi wa chelezo hajaigusa. Tundu lilitosha kupitisha mbuzi. Huo ukawa mwisho wa utumishi wa Amana.

Watu walimlaani Faki, naye alilia, na mimi simcheki, hofu naijua. Ila nawauliza ninyi mnaogonga palipo pazima mara mbili: kwa miaka tisa, wale waliolala juu ya saruji ile walikuwa watoto wa nani?