Mbili, Nne, Nane za Kiboko

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo kaitikia kama mgonjwa? Mihogo yangu mmeila, sauti hamna! Paukwa!

Pakawa!

Haya, hapo ndipo. Hapo zamani za kale, zamani ile ambayo hata uongo ulikuwa bado mchanga, palitokea ukame katika nchi ya Gongwe. Visima vikakauka, mito ikakauka, makoo yakakauka. Ikabaki chemchemi moja tu, na ndani ya chemchemi hiyo alikaa Kiboko.

Si kwamba alikaa pembeni. Alikaa ndani, tumbo lote, matako yote. Na kila mtu ajuaye viboko anajua wanavyojisaidia: mkia unazungushwa kama feni, nawe uliyesimama nyuma, pole yako.

Kiboko akatangaza: "Anayetaka maji ajibu fumbo langu la hesabu. Akipata, ateke. Akikosa, anisugue mpaka jua lizame!" Akawa anajiburuta kuwauliza mmoja mmoja nyuma ya matete, mbali na wanaosugua, wasisikilizane.

Akaenda Tembo.

"Mbili, nne, nane!" akanguruma Kiboko. "Ipi inafuata?"

Tembo akafikiri mpaka masikio yakasimama. "Kila namba inajiongeza yenyewe. Mbili na mbili, nne. Nne na nne, nane. Nane na nane, kumi na sita!"

"Umekosa! Ni kumi na nne! Kwanza tuliongeza mbili, kisha tukaongeza nne, sasa tunaongeza sita. Geuka, shika jiwe, nisugue!"

Akaenda Kima.

"Mbili, nne, nane! Ipi inafuata?"

Kima akahesabu vidole vya mikono, akahesabu vya miguu, akaazima na mkia. "Tunaongeza mbili, tunaongeza nne, tunaongeza sita. Kumi na nne!"

"Umekosa! Ni kumi na sita! Kila namba inajiongeza yenyewe, mjinga wee! Geuka, shika jiwe, nisugue!"

Sasa, pale Gongwe palikuwa na mwanamke aitwaye Kidawa. Kidawa alikuwa na mdomo, jamani! Mafumbo ya hesabu alikuwa anayala kama karanga, na kila akifumbua moja lazima kijiji kizima kiambiwe. Lakini siku hiyo hakuwa na raha. Bintiye Mwanamize alikuwa kitandani na surua, midomo imepasuka, analia bila machozi. Kidawa akamwachia jirani, Bi Sikujua, akachukua mtungi akaenda.

"Mbili, nne, nane! Ipi inafuata?"

"Hilo ndilo fumbo?" Kidawa akacheka. "Hilo hata kuku wangu analijua. Kumi na sita!"

"Umekosa! Ni mbili! Mbili, nne, nane, kisha tunarudi mwanzo: mbili, nne, nane. Geuka, shika jiwe, nisugue!"

Maishani mwake Kidawa hakuwahi kukosa. Akashika jiwe. Tembo alikuwa anasugua matako, Kima anasugua masikio, Kidawa akapewa kwapa. Msiniulize lilivyonuka. Akasugua huku machozi yanamtoka. Hakulilia fumbo, alimlilia Mwanamize.

"Usilie, mama," Kima akamnong'oneza. "Hata mimi nilisema kumi na nne, kumbe ni kumi na sita."

Jiwe likamponyoka Kidawa. "Unasemaje? Mimi nimesema kumi na sita, kaniambia ni mbili!"

Tembo akainua mkonga. "Na mimi nilisema kumi na sita, kaniambia ni kumi na nne."

Wakatazamana. Wakamtazama Kiboko, amefumba macho, anakoroma kwa starehe.

"Huyu hana jibu," Kidawa akasema taratibu. "Anangoja useme lako, ndipo atafute jingine. Na tukimshtaki, atasema kila mtu alipewa fumbo lake."

Akapanda juu ya mgongo wa Kiboko, akapiga kelele: "Enyi wenye kiu! Njooni wote! Kidawa anajibu tena!"

Wakaja wote: swala, nguruwe mwitu, wazee, wenye watoto migongoni. Kiboko akazinduka. "Nani kakuruhusu?"

"Nikikosa, Bwana Kiboko, nitakusugua maisha yangu yote. Nikipata, unatoka humu. Ila safari hii jibu lako litatangulia. Chukua kokoto, kadiri ya jibu lako, uzitie mdomoni, ufunge. Kokoto zitakazokutwa mdomoni ndilo jibu. Au hujui jibu la fumbo lako?"

"Ndiyo, ajue!" wakapiga kelele wenye kiu. "Au hajui?"

Kiboko angefanyaje? Akakubali mbele ya wote. Akazama, akachota kokoto, akaibuka mdomo umefungwa, mashavu yamevimba.

Kidawa akamzunguka polepole.

"Nadhani," akasema, "ni kumi na sita."

Macho ya Kiboko yakamtoka. Akazamisha pua kidogo, akatema mbili kwa siri. Viputo vikapanda, blu blu.

"Hapana, sijajibu bado. Nadhani ni kumi na nne."

Kiboko akazamisha pua, akaokota. Blu blu.

"Au ni mbili tu?"

Maskini Kiboko! Ateme? Aokote? Hesabu ikamchanganyikia, hajui tena amebeba ngapi. Akaona dawa ni moja: jibu lolote atakalotaja huyu mwanamke lisikutwe. Koo likapanda, likashuka. Gulu! Gulu! Gulu!

Kidawa alikuwa amesimama palepale, anatazama koo.

"Sasa najibu," akasema. "Ni sufuri. Hakuna hata moja. Panua!"

Kiboko akatikisa kichwa. Tembo akamshika taya la juu, Kima akaning'inia taya la chini, wakavuta. Mdomo ukafunguka, kwanza ikatoka harufu, watu watatu wakaanguka. Waliobaki wakachungulia. Ulimi, meno, basi. Kokoto hata ya dawa hamna!

Waache wacheke! Waache washangilie! Kidawa yeye hakungoja kusifiwa, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza. Alijaza mtungi akakimbia mpaka kanga ikamvuka. Bi Sikujua alikuwa amemkamulia mtoto tango-mwitu, pumzi bado ipo. Mwanamize akanywa, akanywa, akanywa, kisha akasema, "Mama, unanuka."

Kidawa akakaa sakafuni akalia kwa furaha.

Kiboko akafukuzwa akatafute mto wa mbali, kokoto zinagongana tumboni. Mpaka leo ukimkaribia atakupanulia mdomo wote. Watu wanadhani ni vitisho. Wapi! Anakuonyesha kwamba hana kitu, usije ukamwita mama Mwanamize.

Nami hadithi yangu naiweka chini hapa. Atakayeiokota asiitie mdomoni.