Mtungi wa Mwanakheri

Sogeeni, na anayetaka kucheka acheke sasa. Hapo zamani palikuwa na mji wenye mitaa miwili, Juu na Chini, na kila mtaa uliutaka utawala. Kabla ya kuchagua mkuu, msemaji wa kila mtaa alipanda jiwe la uwanjani akamtukana mgombea wa wenzake, matusi ya kukausha mate. Kisha akaliosha jiwe kwa mtungi mzima wa maji. Jiwe likishaoshwa, maneno yamekwisha. Hakuna ruhusa ya kwenda nayo nyumbani.

Mwaka huo akapanda Faki, msemaji wa Juu. "Shekue wa Chini afukuzwe kwa shoka mpaka mtoni! Akirudi na njaa aje kwangu, wali upo!" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, na Shekue akacheka kuliko wote. Faki alipouinua mtungi, Shekue akamwambia, "Acha, kaka, wingu limeshafunga. Mvua itaosha." Faki akashuka. Mvua haikunyesha.

Bi Tima wa Chini akaenda sokoni. Alitaka watu wa mtaa wake wapandwe na hasira, wajitokeze kuchagua. "Mmesikia? Faki kasema Shekue afukuzwe kwa shoka!" Ya wali hakuyasema. Akamsimulia muuza ndizi, akamsimulia msusi, akamsimulia mfinyanzi. Na nyuma ya mfinyanzi alisimama Mbwarali wa Juu, mtu wa hasira za karibu, ambaye uwanjani hakuwapo; akayachukua maneno yale kuwa amri ya mtaa wake. Asubuhi Shekue akakutwa amekufa mlangoni pake, shoka kando.

Mbwarali hakukimbia. "Mkono ni wangu," alisema, wakamfunga kamba. Lakini desturi ilibaki: mtu akiuawa kwa maneno ya jiweni, hazikwi mpaka jiwe lioshwe, na huliosha mwenye kosa la maneno. Mwanakheri, mama yake Shekue, akaketi kando ya maiti akingoja.

Chini wakapiga kelele: "Faki aoshe! Kinywa chake ndicho kilichotaja shoka!"

Juu wakajibu: "Tima wenu aoshe! Ndiye aliyelitembeza shoka sokoni!"

Faki akasema: "Nimetukana kama alivyotukana baba yangu, na hakufa mtu. Tena marehemu mwenyewe ndiye aliyenizuia kuosha."

Bi Tima akasema: "Mimi sikuongeza hata neno moja."

Mbwarali, mikono imefungwa nyuma, akasema: "Msinitafutie msaidizi. Ila ningeyasikia ya wali, ningecheka kama nyinyi."

Jua likapanda, wanabishana. Jua likaanza kushuka, wanabishana. Maiti inangoja.

Mwanakheri akainuka. Akaujaza mtungi kisimani mwenyewe, akajitwika, akapita katikati yao. Wallahi, mpaka leo nikisimulia mwili unanisisimka! Juu wakavua kofia, Chini wakavua kofia. Mama akasimama mbele ya jiwe, shingo inatetemeka kwa uzito, akasema, "Nataka kumzika mwanangu. Mwenye mtungi wake aupokee."

Faki akanyoosha mikono. Bi Tima akanyoosha mikono. Na nyuma yao Mbwarali akalia, "Nifungueni kamba, na mimi nipokee!"

Je, nani alistahili kuupokea? Jibuni upesi, jamani, mama bado ameutwika.