Chumba cha Kando ya Mlango

Hapo zamani, wala si zamani ya majini na wafalme, ni zamani hii ya juzijuzi ambayo hata shangazi yangu anaikumbuka, palikuwa na chuo kikuu juu ya kilima, na kilima chenyewe kilikuwa kimoja tu, basi watu wakakiita Chuo cha Kilimamoja. Kaeni vizuri. Na wewe mwenye simu, itie mfukoni, maana mwishoni nitakuuliza swali na sitaki kusikia, "Eti ilikuwaje?"

Chuo kilipoanza kilikuwa na majengo mawili ya bati na mlingoti wa bendera. Basi. Wanafunzi sitini, walimu tisa, na mwanamke mmoja aitwaye Bi Sikudhani, aliyepanda kilima na sufuria moja kichwani, akajenga jiko la udongo kileleni, upande wa kaskazini, akaanza kupika chai ya tangawizi na maandazi.

Likajengwa bweni la wasichana pale palipokuwa na shamba la mahindi. Jengo likapanda, Bi Sikudhani akaongeza sufuria. Ikajengwa maabara pale palipokuwa na uwanja wa mpira wa wavu. Wachezaji wakanuna, jengo likapanda, Bi Sikudhani akaongeza sufuria. Likajengwa jengo la utawala la ghorofa tatu, likamzibia kabisa barabara aliyozoea kuitazama akikanda unga. Hilo alilitukana siku mbili nzima. Siku ya tatu makarani wakaja na njaa zao, jengo likasamehewa, Bi Sikudhani akaongeza sufuria.

Miaka ishirini na minane ikaenda hivyo. Mtu aliyehitimu akirudi kusalimia alipotea, haoni bweni lake, haoni uwanja wake, anazunguka kama mgeni. Lakini jikoni kwa Bi Sikudhani alifika hata akifumba macho, kwa sababu zile njia za miguu ambazo wanafunzi huzikanyaga wenyewe katikati ya majani, zote ziliishia mlangoni pake.

Sasa, Kilimamoja kulikuwa na desturi, na desturi hii muishike. Kila jengo jipya lilipofunguliwa, chumba chake kimoja kidogo kilitolewa kwa mtu ambaye bila yeye jengo lisingesimama. Mtu mmoja, si wawili. Alipewa ufunguo juu ya sinia, mbele za watu, na chumba kikawa chake, afanye humo kazi aipendayo maisha yake yote. Kule bwenini alipewa dereva aliyesomba maji mwaka wa ukame ili mafundi wapate kukoroga zege. Alikaa humo akitengeneza redio mpaka kichwa kikawa cheupe chote.

Mwaka mmoja chuo kikaamua kujenga maktaba ya ghorofa nne. Mhandisi akaja kutoka mjini na ramani yake, akachagua bondeni, kusini mwa chuo, mahali tambarare, pazuri kwa macho. Bi Sikudhani akapeleka chai kwenye kikao, akaiona ramani mezani, mdomo ukamwasha.

"Jamani, hapo mnajenga maktaba au bwawa?"

Mkuu wa chuo, Profesa Kihwelo, akainua uso. "Una maana gani, Bi Sikudhani?"

"Masika maji ya hapo yanafika hapa." Akagusa goti lake. "Miaka ishirini na minane nafua nguo hapo. Nyie mnapaona kiangazi tu. Masika hampiti huko, mnaogopa tope."

Wakangoja masika, wakaenda kupima. Maji yakamfika mhandisi magotini, na kiatu chake kimoja kikabaki hukohuko mpaka leo. Wakarudi juu, wakazunguka kilima chote wakitafuta nafasi. Iliyobaki ilikuwa moja tu. Mnajua ni ipi? Ehe! Ni jikoni kwa Bi Sikudhani.

Jiko likabomolewa. Akapewa turubai kando ya bweni, "kwa muda," walisema, mpaka maktaba iishe na bustani ipandwe. Na bustani ikishapandwa, aende wapi? Kila aliyeulizwa alikumbuka ghafla ana kipindi. Jengo likapanda, na kwa mara ya kwanza Bi Sikudhani hakuongeza sufuria. Alilia, nawaambia kweli, alilia ameinamia moto ili watu wadhani ni moshi. Alikuwa amezeeka pale, hakuwa na pengine alipopataka.

Msimamizi wa mafundi alikuwa Fundi Kibwana, fundi wa mawe, mtu wa maneno machache na timazi mfukoni, ile kamba ya kunyooshea ukuta. Na hapa sasa ndipo lilipotokea kosa. Ramani ilichorwa kwa ajili ya bondeni, kusini mwa chuo, na mlango mkuu ukawekwa utazame kaskazini, kwenye chuo. Jengo lilipohamishiwa kileleni, kaskazini mwa chuo, hakuna aliyekumbuka kuigeuza ramani. Likahamishwa vilevile lilivyo, kama kabati! Mlango bado unatazama kaskazini. Na kaskazini kuna nini? Ua wa seng'enge, na nyuma ya ua, mikaratusi. Maktaba ikawapa wasomi mgongo.

Bi Sikudhani aliliona hilo siku vigingi vilipopigwa. Alikijua kile kiwanja kuliko kiganja chake, angekosaje kuona? Alifungua mdomo aseme, kisha akaufunga. "Niliwaambia la maji, wakanibomolea jiko," alijisemea. "Nikiwaambia la mlango, watanibomolea nini?" Akaendelea kukaanga maandazi. Kila asubuhi Fundi Kibwana alikuja kunywa chai, na kila asubuhi yeye alimmiminia na kunyamaza. Moyo wake ulifurahi kidogo, kisha ukamsuta, kisha ukafurahi tena. Binadamu ndivyo tulivyo, msimcheke.

Palikuwa na mwanafunzi wa mwaka wa pili, Tumpe, msichana wa upimaji ardhi, mwenye kofia pana na maswali mengi. Mwalimu wake alimpa kazi ya kuchora ramani ya chuo na njia zote za miguu. Akazipima moja moja. Alipomaliza akaona njia zote zinakutana mahali pamoja, na mahali hapo pana ukuta. Akapanda kwa Fundi Kibwana, karatasi kwapani.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, mwanangu."

"Mlango uko wapi, fundi?"

"Upande ule."

"Upande ule kuna nini?"

"Kuna ua."

"Na nyuma ya ua?"

"Mikaratusi."

"Sasa, fundi, mikaratusi ndiyo inayokuja kusoma?"

Fundi Kibwana akautazama ukuta, akautazama ua, akamtazama yule mtoto. Mwiko ukamdondoka mkononi. Watu wanasema alikaa kitako juu ya mfuko wa saruji muda wa kunywa vikombe viwili vya chai, na hakunywa hata kimoja.

Mhandisi alipoambiwa alisema, "Acheni hivyohivyo, watazunguka. Kutembea ni mazoezi." Tumpe akakataa. Akaonyesha kwenye karatasi yake mahali pa kutoboa, palepale njia zinapokutana, palepale ulipokuwa mlango wa jiko la Bi Sikudhani. Lakini ukuta wa upande huo ulikuwa wa mawe ya kuchonga, kazi bora kuliko zote alizopata kufanya Fundi Kibwana. Jiwe kwa jiwe aliliweka kwa mkono wake, na alikwisha kuupiga picha akaituma kwao Pangani kwa mama yake. Mafundi wenzake wakagoma kuubomoa, waliona haya. Basi yeye mwenyewe, siku zake za mapumziko, akachukua nyundo na tindo akaubomoa. Akayapanga upya mawe yaleyale kuwa tao, mlango ukafunguka kuelekea chuo. Na kwa kule kusogezasogeza kuta, kando ya mlango kikabaki chumba kidogo chenye madirisha mawili, ambacho hakikuwa kwenye ramani yoyote.

Siku ya ufunguzi ikafika, Jumamosi asubuhi, watu nyomi, ngoma, keki, wahitimu wa zamani wakipotea huku na huku. Profesa Kihwelo akasimama chini ya tao na sinia, na juu ya sinia ufunguo mmoja.

"Kamati imekaa mara tatu," akasema. "Mara tatu tumekula maandazi tukaondoka bila jibu. Anayeona chumba ni chake asimame aseme mwenyewe."

Akasimama Fundi Kibwana. "Mimi nimelijenga. Jengo lilipokosewa, nimeivunja kazi yangu kwa mkono wangu na kuijenga upya, wala hakuna aliyenilazimisha. Nikipata chumba, nitabaki nifundishe vijana kuchonga mawe, maana ufundi huu unakufa nami. Nisipokipata, kesho nafunga vifaa vyangu naondoka. Bila mimi, jengo lingesimama?"

Mafundi wakapiga makofi, vumbi likaruka.

Akasimama Tumpe. "Wakubwa zangu, shikamooni. Mimi sikubeba hata tofali. Lakini wengi walipita hapa na aliyeuliza ni mimi, na aliyeonyesha pa kutoboa ni mimi. Jengo ambalo watu hawaingii ni ghala. Bwenini tunalala wanane chumba kimoja, wenzangu wanasomea kwenye ngazi. Nikipata chumba, kitakuwa cha yeyote asiye na pa kusomea, hata maktaba ikiwa imefungwa. Bila mimi, lingekuwa maktaba?"

Wanafunzi wakapiga yowe mpaka ngoma hazikusikika.

Akasimama Bi Sikudhani, akajifuta unga mikononi. "Mimi niliwatoa kwenye maji. Bila mimi mngekuwa mnasoma na vyura. Na mlipokosa pa kujenga, mmejenga juu ya jiko langu. Mlango huo mnaousifu ni mlango wangu, njia hizo ni za watu waliokuja kunywa chai yangu. Wiki ijayo turubai linaondolewa. Nikipata chumba, nitapika humo. Nisipokipata, nashuka kilima na sufuria zangu. Ndiyo hivyo."

Hapo wahitimu wa zamani wakaanza, "Sikudhani! Sikudhani!" na makarani wakaitikia, na hata mafundi wawili watatu, wasaliti, wakaitikia. Profesa akamsogezea sinia. Bi Sikudhani akaushika ufunguo, akausikia ubaridi wa chuma. Kisha akaurudisha kwenye sinia.

"Ngojeni," akasema. "Nitakaaje humo na donge hili rohoni? Kosa la mlango nililiona siku ya vigingi. Nilinyamaza. Nilikuwa na hasira ya jiko langu."

Weee! Fundi Kibwana akaruka. "Dada, unanimiminia chai kila asubuhi, unaniona napanga mawe nitakayokuja kuyabomoa, hukusema?"

"Nilikuongezea sukari, Kibwana. Kwa huruma."

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Fundi naye alitaka kununa, kicheko kikamshinda. Kisha akakuna kichwa. "Basi na mimi niseme. Wiki ya kwanza nilishangaa, nikasema moyoni, mbona mlango unatazama mikaratusi? Nikaona, aa, hawa wasomi, labda wana sababu yao. Sikuuliza. Nilijua kuuliza, nikaogopa kuonekana mshamba."

Watu wote wakamgeukia Tumpe. Msichana akashusha kofia ikamfunika macho. "Ramani yangu niliimaliza wakati ukuta uko magotini," akasema kwa sauti ndogo. "Niliificha wiki saba mpaka mwalimu anipe alama, nisije nikaigwa na wenzangu. Nilipokuja kwa fundi, ukuta ulikuwa umefika kwenye lenta, juu ya madirisha."

"Wiki saba!" Fundi Kibwana akashika kiuno, kama aliyehesabu upya kila jiwe. Bi Sikudhani akamwendea yule mtoto, akamwinulia kofia, akamtia andazi mkononi. "Kula, mwanangu. Wote tumo."

Profesa Kihwelo akautazama ufunguo, akawatazama wale watatu, akautazama umati. Wazo la kuwagawia watu watatu chumba kimoja likapigiwa kelele papo hapo. Desturi ni desturi, mtu mmoja, na chumba chenyewe ukiweka jiko, wa vitabu anatoka na wa mawe hapati pa kuinulia nyundo. Jengo limekwisha kupanda, ghorofa nne, linametameta. Sufuria za Bi Sikudhani ziko pale chini ya tao, zimefunikwa, zinangoja kujua zinaingia au zinashuka kilima.

Na mimi nimewafikisha hapo mlangoni, siendi mbele zaidi. Kuna aliyewatoa kwenye maji akapoteza jiko lake, kisha akanyamaza kwa hasira, na ndiye aliyeurudisha ufunguo ulipokwisha kumfika mkononi. Kuna aliyejenga akavunja akajenga tena, lakini kwa woga hakuuliza. Kuna aliyeuliza wengine waliposhindwa, lakini aliuliza kwa kuchelewa. Wewe mwenye simu, wewe ndiye Profesa sasa. Shika sinia hilo, watu wanakutazama, chai inapoa. Je, ufunguo utampa nani?