Kuachia Si Kazi

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa na ofisi nyingi kuliko mashimo ya kulala, aliishi sisimizi mmoja aliyechoka. Jina lake Siwema, mnyapara wa kamba ya ghala. Uchovu wake haukuwa wa usingizi. Ulikuwa ule umpatao mtu anayeelezwa kazi yake na mkubwa asiyeijua.

Ghala lenyewe lilikuwa pango la Mheshimiwa Tembo, limejaa ulezi mpaka juu. Mlango wake ulikuwa jiwe kubwa lililokaa kwenye mteremko nje, likafungwa kamba ya katani. Jioni sisimizi kwa maelfu waliivuta kamba, jiwe likapanda, kruuu, likaziba pango. Wakalishikilia usiku kucha. Asubuhi wakiachia, jiwe liliteremka lenyewe kwa uzito wake, bururu, na ghala likawa wazi.

Sasa sikilizeni sisimizi anavyovuta, maana hadithi yote imo humo. Huing'ata kamba. Hupinda shingo, kamba ikasogea unywele mmoja. Ndipo mpagazi anapopita juu ya kamba, mguu huu, mguu ule, kabeba mzigo mkubwa kuliko yeye, akamtilia chembe ya ulezi pembeni mwa kinywa. Chembe ikishuka, taya hulegea, huachia, na kung'ata tena mbele kidogo. Huyu akiachia, yule ameshika. Na Siwema pembeni anawaimbia, sauti imekwaruza kwa miaka: "Ng'ata, pinda, kula, achia. Ng'ata, pinda, kula, achia."

Siku moja Tembo alikuja na Bwana Fisi, afisa wake wa ugavi.

"Bi Siwema," Fisi akasema, "hawa watu wako asubuhi hufanya kazi gani?"

"Huachia, bwana."

"Huachia." Fisi akamgeukia Tembo. "Mheshimiwa amesikia kwa masikio yake, na anayo ya kutosha. Kuvuta ni kazi. Kushika, haya, tuseme ni kazi. Lakini kuachia? Embe huachia tawi kila msimu. Nani amewahi kulipa embe kifungua kinywa?"

Tembo akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Kuachia si kazi," akatamka. Na neno la Tembo likishatamkwa huwa sheria, hata kama alikuwa anatafuna.

"Mheshimiwa," Siwema akasema, "kushika tunashika hata na njaa. Chakula chetu ni cha..."

"Njoo kesho," Fisi akamkatiza.

Kesho yake asubuhi wapagazi walikuja mikono mitupu. Sisimizi wakakwangua mabaki yaliyokuwa mashavuni, wakagawana, na jiwe likateremka jua limeshapanda. Lakini Mize, mdogo wake Siwema, hakupata kitu. Alibaki kwenye kamba, kakakamaa kama mwiba, macho yanatembea, mwili hautembei.

Siwema akakimbilia ofisini. Akamkuta Fisi ana kazi nyingi: anatafuna. Masharubu yake yamejaa unga wa ulezi.

"Si nilikwambia uje kesho?"

"Leo ndiyo kesho, bwana."

"Leo ni leo. Hujaona?"

Siwema akatazama chini. Chembe moja ilikuwa imedondoka chini ya kiti. Akaiokota, akarudi nayo mbio, akamtia Mize kinywani. Taya zikalegea, Mize akaanguka, pu.

"Da Siwema," Mize akasema akijishika taya, "kesho nani ataniokotea?"

Siwema akakaa juu ya kamba, miguu yote sita inamuuma. "Wanataka tutii," akasema. "Basi tutatii mpaka watuombe tuache."

Alasiri akaenda kwa Tembo, akamkuta na Fisi.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Umekuja kwa yale ya asubuhi?"

"Hapana. Hayo yamepita, sheria ni sheria. Nimekuja kwa jambo la ukaguzi."

Masikio ya Tembo yakasimama yenyewe.

"Lango letu hukaguliwa kwa nje tu," Siwema akaendelea. "Kwa ndani hakuna mkubwa aliyewahi kuingia likiwa limezibwa. Mvua ikipenya, ulezi ukaota, itaulizwa nani alikuwa ofisini."

"Itaulizwa na nani?" Tembo akauliza, maana juu yake palikuwa na mbingu tu.

"Huwa inaulizwa tu, Mheshimiwa," Fisi akajibu kwa haraka. Yeye aliogopa swali hata kabla halijapata mwenyewe.

Basi wakaingia wote wawili. Fisi alichukua na jamvi, kwa kuwa ukaguzi usio na pa kukaa si ukaguzi. Nje, Siwema akaanza kuimba. Ng'ata, pinda, kula, achia. Chembe za jioni zikashuka moja moja, jiwe likapanda, kruuu, giza likaingia pangoni. Kwa mng'ato wa mwisho, mizigo ya wapagazi ikawa imekwisha. Siwema akanyamaza.

"Pameziba vizuri," sauti ya Tembo ikaja kupitia ufa. "Ukaguzi umekamilika. Haya, achieni."

"Hatuwezi, Mheshimiwa. Hatuna chembe ya kuachia."

"Kuachia si kazi."

"Ndivyo ulivyosema. Watu wangu wamesikia, wametii. Hakuna hata mmoja anayeifanya."

Tembo akasukuma. Siku za shibe angewashinda, maana mwenye shibe huachia akashika tena, na katika kuachia huweza kuburutwa. Lakini aliyekakamaa habadilishi mkao. Kamba ikalia nyiii, haikusogea hata unywele. Tembo akasukuma tena, akakaa chini akihema.

"Fisi, sema neno."

"Naweza kuunda kamati, Mheshimiwa."

"Ya nani na nani?"

"Mimi na wewe."

Huko nje maelfu wameshika, wamekauka, na Mize ni mmoja wao. Siwema alimwona, akageuza uso ili sauti isitetemeke.

"Mheshimiwa," akasema, "ulezi mmeukalia. Ncha ya mkonga wako inapita kwenye ufa?"

"Inapita."

"Basi utupulizie. Lakini kwanza lile neno lako. Liondolee 'si'."

Fisi akashtuka. "Tukiondoa 'si', itabaki 'kuachia kazi'. Watu watadhani Mheshimiwa amejiuzulu."

"Basi tieni 'ni'," Siwema akasema kwa uchovu. "Herufi hazina njaa."

"Kuachia ni kazi," Tembo akasema, kwa sauti ndogo ambayo hakujua kwamba anayo.

Fuuu. Ulezi ukamwagika nje kama mvua. Wapagazi wakabeba, mguu huu, mguu ule, na wa kwanza kulishwa alikuwa Mize. Taya zikalegea pote kambani, jiwe likateremka, bururu. Fisi akatoka mbele, akieleza kwamba yeye alilipendekeza jambo hilo tangu mwanzo.

"Siwema," Tembo akasema, unga umemjaa usoni, "umenitega."

"Nimekutii, Mheshimiwa. Mwenye njaa hutii hivyo."

Wanasema baadaye ukoo wa Siwema ulihamia ndani ya misuli ya wanyama wote, ya Tembo ikiwamo, kwa kuwa huko hakuna ofisi. Wenye hadubini wanaowachungulia huwaita miosini, na kamba yao aktini; na wapagazi, wanaotembea na mizigo katika vyumba vidogo vya mwili, huwaita kinesini. Kunja mkono wako sasa hivi: ndio hao, ng'ata, pinda, kula, achia. Na mnyama akikata roho, chembe zao, ambazo huko huitwa ATP, zikakoma, mwili hukakamaa. Si ubishi. Wameshika tu, wanasubiri chembe.

Kushika hata njaa hushika. Kuachia ndiko kutakako shibe.