Kiboko Aliyekula Kiingereza

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zenye milango na majirani wa kugombana nao, aliishi Kiboko katika bwawa moja pana, yeye na mkewe Bi Kiboko. Kiangazi kilikausha mito yote, lakini bwawa lile halikukauka.

Basi, watoto, siku moja Kiboko akaokota kitabu kinene kando ya maji. Wapimaji wa ardhi walikuwa wamepiga kambi hapo, wakaondoka wakakisahau. Kilikuwa kitabu cha maneno ya Kiingereza. Kiboko akakinusa. Akakionja. Nyam, nyam, nyam! Akakimaliza chote, ukabaki ukurasa mmoja tu uliomkwama kwenye jino.

"Mke wangu," akasema huku akijichokonoa, "kuanzia leo mimi najua Kiingereza. Kimo tumboni."

"Na ugali wa jana nao ulikuwa tumboni," akajibu Bi Kiboko. "Umejua kulima?"

Kiboko akalifikiria jibu hilo mpaka kichwa kikamuuma, asilielewe.

Ule ukurasa akautundika ukutani. Kila akiutazama, aliona herufi mbili ambazo hazikuwamo katika jina la mnyama yeyote pale, wala katika salamu, wala hata katika matusi. Kasuku, aliyewahi kufugwa na wapimaji, akamwambia, "Hii ni kyuu, Q. Na hii ni eksi, X."

Lo! Kiboko akavimba kwa fahari. Asubuhi yake akasimama mlangoni mwa bwawa.

"Sikilizeni! Asiyenipa neno la Kiingereza hanywi! Neno hilo liwe na kyuu, liwe na eksi, na liwe refu kunipita mimi kutoka puani mpaka mkiani!"

Wanyama wakatazamana. Kyuu ndiyo nini? Eksi inaliwa?

Punda Milia akajaribu. Akaandika mchangani: QUESTION. Kiboko akajilaza kando ya neno, akalipima.

"Kyuu ipo. Eksi iko wapi?"

"Labda... labda imetoka kidogo, Bwana."

"Nawe toka!"

Twiga akaandika: EXCELLENT.

"Eksi ipo, kyuu hakuna. Tena limeishia kwapani! Ondoka!"

Akaja Mama Nyumbu na mtoto wake. Ulimi wa mtoto ulikuwa unaning'inia, mkavu kama jani. Mama Nyumbu alijua neno moja tu.

"Water," akasema. "Mwanangu, Bwana. Water."

Kiboko akamtazama yule mtoto. Kitu fulani kikamchoma kifuani, hakujua ni nini. Lakini sheria alishaitangaza mwenyewe, sasa angeirudisha vipi?

"Halina kyuu, halina eksi," akanung'unika. "Na ni fupi."

Nguchiro aliyaona yote hayo. Alikuwa mdogo, si mkubwa kuliko sufuria, lakini mkono wake ulikuwa mwepesi na kichwa chake chepesi zaidi. Siku mbili hakuonekana. Asubuhi ya tatu akaja, kucha zimejaa vumbi.

"Hodi! Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Una neno?"

"Ninalo, lakini halitamkiki, litakufunga ulimi fundo. Nimeliandika. Linaanzia hapa mlangoni pako."

Kiboko akainama. Kweli! Herufi zilikwaruzwa vumbini, zikapita mti wa mkunazi, zikaelekea mbugani. Akajilaza kulipima. Pua hapa, mkia kule, na neno bado linaendelea! Akatoa macho.

"Ila kuna jambo moja," Nguchiro akasema kwa upole. "Neno la Kiingereza halisomwi nusu. Ukiliacha katikati, watu watasema hukulielewa."

"Nani? Mimi? Nitalisoma lote!"

"Mume wangu," akaita Bi Kiboko, "jua linapanda. Ngozi yako!"

"Niache, nasoma!"

Bi Kiboko akautazama ule mstari, akamtazama Nguchiro, akarudi zake bwawani.

Safari ikaanza. Nguchiro mbele, Kiboko nyuma, pua chini.

"A... N... T... I... S... H... E... N... I... S... H... E... N... I... Mbona linarudia?"

"Kiingereza cha juu hurudia, Bwana."

Walipofika penye kichuguu kikubwa, Kiboko akaruka. "Kyuu! Nimeiona kyuu!"

"Hongera! Eksi haiko mbali."

Nyuma yao ikasikika sauti: chubwi, chubwi, chubwi!

"Ni nini hiyo?"

"Ni Kiingereza, kinacheza tumboni mwako."

Kiboko akajishika tumbo. Kweli lilikuwa linanguruma. Akaendelea. S, H, E, N, I... Neno likapinda, likapinda tena. Akakutana na kyuu. Akaenda, akapinda, akakutana na kyuu.

"Nguchiro, neno hili lina kyuu ngapi?"

"Umehesabu ngapi?"

"Tatu. Au nne. Au ni moja?" Akafikicha macho. "Na kichuguu hiki, si tumeshakipita?"

"Vichuguu vya mbugani vinafanana."

Maskini Kiboko! Jua likawa juu ya utosi. Ngozi ikakakamaa, ikaanza kupasuka. Hakujua tena kama anasoma kwenda au anasoma kurudi. Herufi zikacheza kama siafu. Miguu ikayumba, ikauacha mstari, ikaukata katikati, na pwaa! Akaanguka.

Akageuza kichwa. Pale alipoukata mstari, mburuzo wa miguu yake ulikuwa umepishana na neno, mshazari juu ya mshazari.

"Eksi!" akalia. "Eksi ile pale!"

Nguchiro akaitazama.

"Hiyo sikuiandika mimi, Bwana. Umeichora mwenyewe kwa miguu yako."

"Kwani neno lenyewe halikuwa nayo?"

"Halikuwa nayo."

"Na... maana yake nini?"

"Halina maana. Nimekuzungusha kichuguu mara tisa, wenzangu wapate kunywa."

Kiboko alitaka kukasirika, lakini hasira nayo ilikuwa imekauka. Akauliza kwa sauti ndogo kama ya mtoto, "Nyumbani ni upande gani?"

Nguchiro akamwongoza. Kumbe bwawa lilikuwa nyuma tu ya kichuguu! Wanyama walijaa majini. Mtoto wa Nyumbu alikuwa amezama mpaka magotini, anarusha maji, chubwi, chubwi!

"Nimewafungulia mlango mimi," akasema Bi Kiboko. "Ulitaka mtoto afe kwa sababu ya herufi?"

Mama Nyumbu akachota tope baridi, akampaka mgongoni palipopasuka, wala hakumdai neno. Hapo Kiboko akainamisha kichwa, machozi yakamtoka.

"Kunyweni," akasema. "Kila siku, kunyweni."

Ndiyo hivyo, watoto: ajivunaye kwa elimu asiyo nayo, hupotea mlangoni pake.

Hadithi yangu imekauka hapo. Mwenye kiu na akanywe.