Jina la Tatu la Kutaja

Mguu utetemekao nao husimama.

Maneno hayo aliyasema Bi Samba, mzee wa kanisa, siku ambayo msichana mmoja wa kwaya alikataa kwenda mahakamani kutoa ushahidi kwa sababu ya woga. Mazoezi yalikuwa yamekwisha, na mvua ilikuwa imewafungia wote ndani. Vijana wakamuuliza usemi huo ameutoa wapi, maana hawakuwahi kuusoma popote. Bi Samba akavuta benchi, akaketi, akawaambia kwamba hawangeusoma popote kwa kuwa ulizaliwa hapo hapo kwao, katika Kaunti ya Mwaroko, na chanzo chake ni hiki.

Mwaroko ilikuwa na wakubwa wawili. Upande wa mlimani alikuwapo Mheshimiwa Kubo wa Chama cha Nanga, na upande wa tambarare Mheshimiwa Mwasaru wa Chama cha Ngao. Kila uchaguzi wa gavana walikutana hao hao, na aliyeshindwa alisema ameibiwa. Hilo lingebaki kuwa lao kama si vijana wao. Vijana hao walifunga barabara kwa magogo, wakasimamisha kila mpita njia na kumuuliza swali moja tu: "Wewe ni wa nani?" Ukimtaja Kubo mbele ya vijana wa Mwasaru, umekwisha. Ukimtaja Mwasaru mbele ya vijana wa Kubo, ni vivyo hivyo. Nao hawakuvaa sare wala alama yoyote, kwa hiyo kujibu kulikuwa kubahatisha. Anyamazaye alihesabiwa adui.

Katika kizuizi kimoja cha namna hiyo alisimama Mwachofi, daktari wa mifugo. Mbele yake alikuwa jirani yake Kilalo, mwenye duka. Kilalo aliulizwa, akasema, "Mimi ni wa Kubo." Wakamshika mikono, wakampeleka nyuma ya ghala la pamba. Kisha wakamgeukia daktari. Yeye alikuwa amekwisha kuona jibu lipi halifai, akasema, "Wa Mwasaru," wakamwachia apite. Alipita bila kugeuka nyuma. Jioni duka la Kilalo liliungua, na Kilalo mwenyewe akaja kuzikwa bila jeneza kufunguliwa.

Tangu siku ile, daktari akiulizwa jambo lolote ghafla, hata bei ya dawa ya kupe, magoti yake yalianza kutetemeka. Aliwatibu ng'ombe wa watu wote, wa mlimani na wa tambarare, akanywa chai katika kila boma, lakini habari za siasa zikianza alisema ana mgonjwa anamngoja.

Uchaguzi mwingine ulipokaribia, wanawake walimjia nyumbani. Aliyewatangulia alikuwa Bi Wakesho, mjane wa Kilalo. Mghoi, mke wa daktari, aliwakaribisha uji, nao wakaunywa wote kabla ya kusema lililowaleta.

"Daktari," alisema Bi Wakesho, "tunataka usimame ugavana."

Daktari alicheka, kisha akaona kwamba ni yeye tu anayecheka.

"Mama, mimi ni mwoga. Kila mtu anajua. Hata mbwa wa jirani hapo wananifukuza."

"Ndiyo sababu tumekuja kwako. Mashujaa tunao wawili, na wametumaliza."

"Siwezi kuwashinda."

"Hatukusema uwashinde. Tukiulizwa barabarani, tuna majina mawili tu mdomoni, na yote mawili yanaua. Tupe la tatu la kutaja."

Daktari alimtazama mama yule, akaiona tena ile barabara, na mgongo wa Kilalo ukiongozwa nyuma ya ghala. Alitaka kusema hapana. Ulimi ulikuwa tayari. Badala yake alisikia sauti yake ikisema kwamba atafikiri, na wanawake wakaondoka kama watu waliokwisha kujibiwa.

Akapata chama kidogo ambacho alama yake ilikuwa mtungi, chama ambacho hakikuwahi kupata hata kiti cha wadi. Jina lake lilipotangazwa redioni, watu wa Kirau, mji mkuu wa kaunti, walidhani ni mzaha. Mzaha huo haukudumu. Kwanza dereva aliyemwendesha alisema mama yake anaumwa, na hakurudi. Kisha mwenye ukumbi aliokuwa amekodi akasema paa linavuja, na ilikuwa kiangazi. Asubuhi moja Mghoi alipofungua lango alikuta kitambaa cheupe kimetundikwa juu yake, kimekunjwa vizuri, kimepakwa udongo mwekundu. Kilikuwa sanda. Daktari alikimbilia nyuma ya nyumba akatapika. Mghoi alikichukua, akakitia katika moto wa jikoni, akakaa pale pale akikitazama mpaka kikawa majivu.

"Ukitaka kujitoa, jitoe," alimwambia mumewe. "Sitakucheka. Lakini usiseme unajitoa kwa ajili yangu."

Siku chache baadaye Mheshimiwa Kubo alimwita. Si kwa siasa, alisema aliyetumwa. Ni ng'ombe mtamba wa Mheshimiwa aliyekuwa akishindwa kuzaa. Daktari angeweza kukataa, lakini mnyama alikuwa na uchungu tangu alfajiri, na kazi ni kazi. Alienda.

Akavua shati, akajipaka sabuni mkono wote hadi begani, akauingiza. Ndama alikuwa amekaa vibaya, mguu mmoja umekunjika nyuma. Daktari alikuwa amepiga magoti juu ya nyasi chafu, shavu lake limegusa paja la mtamba, wakati Kubo alipokuja kusimama karibu naye. Walinzi wake walibaki mlangoni mwa zizi.

"Mkono wako ni mkono wa thamani, Daktari," Kubo alisema kwa upole. "Wa kulia huo?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Mtu wa kazi yako akipoteza mkono wa kulia atafanya nini?"

Mtamba alikaza misuli, akambana mkono mpaka vidole vikafa ganzi, naye hakuweza kuutoa wala kuinuka.

"Mwenzangu Mwasaru na mimi hatupatani kwa lolote," Kubo aliendelea. "Lakini juu yako tumepatana. Hatutaki mtu wa tatu. Tatu inavuruga. Kazi ikiisha, nenda kwa tume ya uchaguzi, sema afya yako si nzuri."

Akaondoka. Daktari akaunyoosha mguu wa ndama kidogo kidogo, akamvuta, na ndama akaanguka kwenye nyasi akiwa hai. Alipoinuka, magoti yalimkataa, ikabidi ashikilie boriti ya zizi. Mmoja wa walinzi aliona, akamwambia mwenzake jambo, wakatabasamu.

Hakwenda kwa tume. Wala si kwa ushujaa. Kila asubuhi alivaa viatu akikusudia kwenda, na kila asubuhi alifika langoni akaona mahali ile sanda ilipokuwa imetundikwa, akarudi ndani.

Ikafika siku ya mkutano wa wagombea wote katika uwanja wa maonyesho ya kilimo. Kubo alihutubia, vijana wake wakashangilia. Mwasaru alihutubia, na wake pia. Daktari alipoitwa jukwaani, kicheko kikaanzia mbele kikaenea nyuma. Upepo ulikuwa umetulia, lakini suruali yake ilipepea kama bendera. Kila mtu aliiona miguu ikitetemeka ndani yake.

"Daktari, unacheza ngoma gani?" akauliza kijana mmoja.

Daktari alikuwa ameandaa hotuba juu ya maji na majosho ya ng'ombe. Yote ilimtoka. Alishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Miguu inatetemeka," alisema. "Nimeshindwa kuizuia. Lakini mnaona wenyewe, imesimama."

Kicheko kilipungua. Akawaeleza habari za Kilalo. Aliwaambia jinsi alivyosimama nyuma yake, jinsi alivyolichagua jibu lake baada ya kusikia la mwenzake, na jinsi alivyopita bila kugeuka. Hakutaja ni vijana wa nani. Kila mtu pale alijua.

"Mimi sina vijana," alimaliza. "Kwangu hakuna wa kuwachomea nyumba. Mkiulizwa ninyi ni wa nani, semeni ni wa Daktari. Jina langu nawapa. Hata kama kura yenu mtampa mwingine, jina lichukueni."

Hakuna aliyepiga makofi. Watu walitazama chini, wengine wakatazama upande waliposimama vijana. Daktari akashuka jukwaani akijua kwamba amejimaliza mwenyewe bure. Njia nzima ya kurudi nyumbani aligeuka nyuma kila aliposikia pikipiki.

Siku ya kupiga kura, yeye na Mghoi walitoka asubuhi kwa miguu. Baada ya kona ya ghala la pamba, wakaona magogo barabarani.

Watu walikuwa wamepanga foleni, wanaulizwa mmoja mmoja, na vijana wenye mapanga walisimama pande zote mbili. Mghoi akamshika mkono. Kurudi kulikuwa hatari kuliko kwenda mbele, kwa kuwa arudiye huonwa. Wakaingia nyuma ya foleni. Daktari akavuta kofia chini, akatazama visigino vya aliye mbele yake.

Mbele kabisa alikuwa Bi Wakesho.

"Wewe mama ni wa nani?"

Kutoka nyuma, daktari aliona kanga yake ikitikisika mabegani.

"Wa Daktari," alisema.

Kijana alimtazama, akamtazama mwenzake. Jibu hilo hawakuwa wamefundishwa la kulifanyia.

"Daktari gani?"

"Wa ng'ombe."

"Mbona unatetemeka kama ni kweli?"

"Natetemeka kwa kuwa nakuogopa, mwanangu. Hapa ndipo alipochukuliwa mume wangu. Lakini mguu utetemekao nao husimama. Nimesimama. Fanya unalotaka."

Daktari alilitazama panga mkononi mwa kijana yule na hakuweza kuondoa macho. Kisha mzee aliyekuwa wa pili katika foleni akasema, kabla hajaulizwa, "Mimi pia ni wa Daktari." Sauti yake ilipasuka katikati. Aliyefuata akasema hivyo hivyo. Mama mwenye mtoto mgongoni akasema. Mwalimu mmoja, ambaye wote walijua ni mtu wa Kubo tangu utoto, akasema. Jina lilikuja likishuka kwenye foleni, kinywa kwa kinywa, likinong'onwa na watu ambao midomo yao ilikuwa imekauka, mpaka likamfikia mwenyewe.

"Na wewe?"

Daktari aliinua kofia. Kijana akamtambua; mwaka uliopita daktari alikuwa amemtibu punda wa baba yake.

"Mimi ndiye," alisema daktari, na magoti yake yalikuwa yakigongana.

Kijana akashusha panga lake. Nyuma yake mwenzake alikuwa amekwisha kuanza kuvuta gogo kando. Foleni ikapita, na hakuna aliyethubutu kukimbia mpaka walipolipita ghala.

Habari za kizuizi kile zilikimbia kuliko magari. Kufikia adhuhuri kila kizuizi cha Mwaroko kilipewa jibu hilo moja, na ambapo watu wote wana jibu moja hakuna wa kuchaguliwa apigwe. Uchaguzi ule haikuungua nyumba hata moja.

Kura zilipohesabiwa, Mwasaru alishinda, Kubo akaenda mahakamani, na Daktari Mwachofi akawa wa tatu, mbali sana nyuma yao. Mghoi alizima redio kwa hasira.

"Kaunti nzima ilisema ni yako. Kura zenyewe ziko wapi?"

"Niliwaambia walichukue jina," daktari alijibu. "Wamelichukua." Akaketi muda mrefu na mikono magotini, akiyashikilia.

Bi Samba aliponyamaza, mvua ilikuwa bado inanyesha. Yule msichana wa kwaya akauliza kama daktari aliacha kuogopa baada ya siku ile.

"Hakuacha," alisema Bi Samba. "Mpaka leo, ukimwita ghafla akiwa barabarani, atashika ukuta kwanza ndipo aitikie. Na huko mahakamani, mwanangu, usingoje miguu itulie ndipo uende. Haitatulia. Nenda nayo hivyo hivyo, wakikuita simama useme ulichokiona. Mguu utetemekao nao husimama."